Gitaa la Chapa Isiyojulikana: Kutoka Kiwandani Hadi Kampala

Magitaa ya bei nafuu yanayoagizwa Kampala kupitia intaneti huwa na jina kichwani ambalo wanamuziki wengi hawajapata kulisikia. Jina hilo halielezi mengi. Sehemu kubwa ya magitaa ya aina hii hutoka China na Indonesia, katika viwanda vinavyofanya kazi kwa oda: mwenye chapa hutuma maelezo na nembo, kiwanda huunda. Wilaya ya Zheng'an katika mkoa wa Guizhou, ambako viwanda vya magitaa vilianza kukusanyika mwaka 2013, hutengeneza chapa za nje zenye sifa na chapa zake yenyewe zisizo na sifa yoyote. Harley Benton, inayopendwa Ulaya kwa unafuu wake, ni chapa ya duka la Thomann la Ujerumani, na magitaa yake huundwa na viwanda vya Asia.

Unafuu huo hautokani na mbao na vyuma pekee. Mashine hukata shingo na mifereji ya freti kwa usahihi unaokaribiana, liwe gitaa la bei ya chini au la bei ya kati. Kinachopunguzwa zaidi ni kazi ya mkono ya mwisho: kusawazisha freti kwa tupa, kuchimba njia za nyuzi kwa kina kinachofaa, kunyoosha shingo, kulikagua gitaa kabla halijafungwa. Mnunuzi wa Kampala, basi, analipia gitaa ambalo kazi yake haijaisha. Ununuzi mzuri ni ule unaotenganisha mapema kasoro ambazo fundi anaweza kuziondoa na zile zisizoondoka.

Biashara hii ina ukoo mrefu. Katika miaka ya 1950 kijana wa Liverpool, John Lennon, alipata kwa njia ya posta gitaa lake la kwanza, Gallotone Champion, lililotoka kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Lilikuwa gitaa la plaiwudi, na karatasi iliyobandikwa ndani yake ilimhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka. Magitaa ya Gallotone yalienea pia kusini na katikati ya Afrika. Nchini Uganda, kadongo kamu, muziki wa msimulizi na gitaa lake moja uliokuzwa na kina Christopher Ssebadduka, Herman Basudde na Paulo Kafeero, haukusubiri ala za kifahari.

Kasoro isiyotibika kwa gharama ya busara huwa katika shingo. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma lenye urefu wa kawaida wa uzi, milimita 648, freti ya kwanza hukaa takriban milimita 36.4 kutoka mwanzo wa uzi, na ya 12 hukaa milimita 324, nusu kamili. Muuzaji akiombwa picha ya gitaa lililowekewa futi ya kupimia, hesabu hiyo inaweza kukaguliwa mteja akiwa bado hajatoa hata shilingi. Freti zilizopangwa vibaya hakuna wa kuzipanga upya kwa bei ya gitaa lenyewe. Kipimo cha pili ni pembe ya shingo: rula ndefu iliyolazwa juu ya freti inapaswa kufika karibu na uso wa juu wa daraja. Ikianguka chini sana ya hapo, nyuzi zitabaki juu daima, hata kipande cha plastiki kilicho juu ya daraja kikisuguliwa mpaka kiishe.

Swali la tatu kwa muuzaji ni kama ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayoweza kukazwa. Seti ya nyuzi nyepesi za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi; za nailoni, kilo 40 hivi. Gitaa la nyuzi za chuma lisilo na fimbo hiyo lisinunuliwe, hata bei yake ivutie namna gani.

Kuhusu mbao, tangazo husifu sana uso wa mbao nzima. Ukweli huonekana kwenye ukingo wa tundu la sauti: mistari ya ubao ikishuka kutoka juu hadi ndani bila kukatika, ni mbao nzima, zikionekana tabaka, ni plaiwudi. Mbao nzima hutoa sauti pana zaidi, lakini huathirika zaidi unyevu unapobadilika, na kontena hukaa Mombasa katika joto na unyevu wa pwani, kisha hupanda hadi Kampala, mita 1,200 hivi juu ya bahari, yenye misimu miwili ya mvua. Kwa mwanafunzi anayetunza gitaa lake ukutani, plaiwudi iliyogundishwa vizuri ni chaguo zuri, wala si la kuonea haya. Ubao wa freti nao umebadilika. Mwaka 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, uliweka jamii nzima ya miti ya Dalbergia, iliyotumika sana kwa ubao huo, ukiwamo mpingo wetu, chini ya vibali, na viwanda vingi vikahamia mbao nyingine. Ala zilizokamilika ziliondolewa sharti hilo mwishoni mwa 2019, lakini mbao mbadala zilibaki, na nyingi zinafaa kabisa.

Nauli ndiyo inayowashangaza wengi. Boksi la gitaa lenye sentimita 110 kwa 45 kwa 15 lina uzito halisi wa kilo nne hivi. Kampuni za vifurushi vya ndege, hata hivyo, huangalia pia nafasi: hugawa ujazo wa sentimita kwa 5,000 na kutoza kwa namba iliyo kubwa kati ya jibu hilo na uzito halisi. Hapo kilo nne zinageuka kilo 14.85. Kwa njia ya bahari, ndani ya kontena la pamoja linalokusanywa Guangzhou, boksi lilelile ni mita 0.074 za ujazo tu. Subira ya miezi inaokoa fedha ambazo zingetosha kulipa fundi na kununua nyuzi mpya.

Kodi nayo hufuata nauli. Mamlaka ya Mapato Uganda hukokotoa ushuru juu ya bei, bima na usafirishaji kwa pamoja, kwa hiyo kila dola ya nauli ya ndege inatozwa pia. Gitaa huingizwa kwenye fungu la 9202 la ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha VAT ya asilimia 18 hujumlishwa juu ya thamani na ushuru. Anayenunua kwenye tovuti ya Jumia, au kwa muuzaji wa tovuti ya Jiji aliyeko mjini, huepuka hesabu hizi, maana zimo tayari ndani ya bei. Faida kubwa zaidi ni kwamba kwa muuzaji wa mjini anaweza kwenda na rula yake.

Gitaa likifika, lipumzike ndani ya nyumba siku moja au mbili kabla ya kukazwa nyuzi. Shingo hushughulikiwa kwanza: uzi ukibanwa kwenye freti ya kwanza na ya 14, nafasi juu ya freti ya sita au ya saba iwe robo ya milimita hivi, na fimbo izungushwe kidogo kidogo, robo mzunguko kwa mara moja. Ncha za freti zinazokwaruza kiganja hulainishwa kwa tupa ndogo na msasa. Njia za nyuzi upande wa kichwa huchimbwa taratibu, kwa kuwa zikizidi kina nyuzi zitalia kwa mtikisiko. Ndipo urefu wa nyuzi hupimwa kwenye freti ya 12, milimita 2.5 kwa uzi mnene na 2 kwa mwembamba hufaa wapigaji wengi. Mwisho kabisa, noti inayobanwa kwenye freti hiyo hulinganishwa, kwa programu ya simu, na sauti nyembamba inayotoka uzi unapoguswa tu mahali hapo. Zikipishana kidogo, kipande cha daraja husuguliwa upande mmoja mpaka zikutane.