Kumtenga Jirani

Kumtenga mtu ni adhabu tuijuayo vyema hapa Matombo. Asiyekwenda kuzika wenzake huonywa, na asiposikia, siku ya msiba wake huachwa achimbe kaburi na jamaa zake tu. Adhabu hiyo huuma kwa sababu mbili: wanakijiji wote wameafikiana, na inamwangukia mkosaji mwenyewe. Kwa kipimo hicho napenda kuvipima vikwazo tulivyoiwekea Burundi.

Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa nguvu Julai 25, 1996. Siku sita baadaye wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha, nchi yetu ikiwa mstari wa mbele, wakaamua kufunga njia za biashara. Watetezi husema vikwazo vilifaa: Septemba mwaka ule ule Buyoya aliruhusu tena Bunge na vyama, na Juni 1998 mazungumzo ya pande zote yalianza Arusha. Hilo silikatai. Lakini mipaka haikufungika. Petroli iliingia kwa magendo, bei zikapanda. Wenye vyeo na wafanyabiashara wakubwa wakanufaika, mkulima na mgonjwa wakalipa. Aprili 1997 viongozi wenyewe walilegeza masharti ya vyakula, dawa na pembejeo, na Januari 1999 vikwazo vyote vikasimamishwa. Mkataba wa amani ulitiwa saini Agosti 28, 2000, wakati mlango ulikwisha kufunguliwa. Kwa maoni yangu, vikwazo vilimsogeza Buyoya mezani. Kilichomkalisha pale ni subira ya Mwalimu Nyerere, na baada yake Mzee Mandela.

Wapo wanaosema bora njia ya siri. Hiyo nayo tuliijaribu. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka kutoka kwetu kwenda kumng'oa Amin. Walishindwa katika siku chache, na waliosadikiwa kuwaunga mkono waliuawa. Amin aliondoka Aprili 1979, kwa vita ya wazi ambayo gharama yake sote tuliibeba.

Basi ndugu msomaji, siku tutakapoambiwa tena tumtenge jirani, tusitosheke na kuelezwa ubaya wa mtawala wake. Tuulize kama majirani wote wameafikiana, na tuulize ni nani hasa atakayekosa chumvi na dawa. Wasiojibu maswali hayo mawili wasituombe kuunga mkono.