Gagulo Lenye Chapa ya Lambeth

Alfajiri ya tarehe 31 Agosti 1888, mwanamke alikutwa ameuawa pembezoni mwa barabara ya Buck's Row, mtaa wa Whitechapel, mashariki mwa London. Hakuwa na karatasi yoyote ya kumtambulisha. Kilichomtambulisha ni gagulo lake, maana lilikuwa na chapa ya nyumba ya maskini ya Lambeth. Polisi wakaifuata chapa hiyo, akapatikana mwanamke aliyewahi kukaa naye humo, akamtaja jina: Mary Ann Nichols. Wa kwao walimwita Polly.

Kwa zaidi ya miaka 100 wengi walioandika habari zake walianzia na kuishia pale barabarani. Walimtaja ili wapate kumzungumzia muuaji, ambaye mpaka leo hajulikani ni nani. Mwaka 2019 mwanahistoria Hallie Rubenhold alichapisha The Five, kitabu kuhusu Polly na wanawake wengine wanne wanaodhaniwa kuuawa na mtu huyohuyo, na muuaji akamwacha kando. Alizifuata karatasi za wanawake hao kurudi nyuma, moja baada ya nyingine, hadi utotoni mwao. Nakipenda kitabu hicho hasa kwa ajili ya kazi iliyokibeba, ambayo maelfu ya Waingereza huifanya kimyakimya kwa ajili ya babu zao wenyewe: kufuatilia ukoo wa watu wa kazi wa enzi za Malkia Victoria. Hao hawakuacha hati za mashamba wala picha za kuchora za kutundikwa ukutani, na aghalabu hawakuacha hata wasia.

Fundi wa kazi hii huanzia mwisho, kwenye lile alilo na hakika nalo, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Ukianza kwa kumtafuta binti aitwaye Mary Ann Walker, jina la Polly kabla hajaolewa, utazama katika bahari ya akina Mary Ann Walker. Lakini uchunguzi wa kifo chake uliwasimamisha watu wawili mbele ya mchunguzi: baba mzazi, Edward Walker, mhunzi, na mume, William Nichols, mtu wa mashine za kuchapa. Sasa una majina matatu yanayokaa pamoja, na majina matatu hayapotei kirahisi. Yanakupeleka kanisa la St Bride's, Fleet Street, kwenye ndoa ya tarehe 16 Januari 1864. Cheti cha ndoa cha Uingereza kiliandika majina ya baba wa pande zote mbili na kazi zao, kwa hiyo karatasi moja inafungua milango miwili. Mama hawakuandikwa. Nafasi yao kwenye usajili wa ndoa ilipatikana mwaka 2021 tu, na hadi leo anayefuatilia upande wa akina mama hutoa jasho mara mbili.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa zake zilipangwa kwa robo mwaka, kwa jina, wilaya, juzuu na ukurasa, basi. Mtoto aliyezaliwa mwishoni mwa Agosti anaweza kuonekana katika robo ya Septemba au ya Desemba, kutegemea mzazi alikwenda lini kwa msajili. Na huenda asionekane kabisa, kwa kuwa kabla ya mwaka 1875 sheria haikumbana mzazi sawasawa kwenda kuandikisha. Ilipoanza kumbana, akipewa siku 42 na kutishiwa faini, wako waliochelewa wakaisogeza mbele siku ya kuzaliwa mtoto ili waikwepe. Fundi anajua hayo, na ndiyo sababu akiona tarehe huuliza kwanza ni nani aliyeitamka, na alikuwa anaogopa nini.

Sensa nayo inataka macho ya namna hiyo. Ile ya mwaka 1841 iliwashusha waliopita miaka 15 hadi tano ya chini: wa miaka 34 akawa wa 30, wa 39 akawa wa 35. Mahali pa kuzaliwa paliulizwa kwa ndiyo au hapana, kama ni ndani ya kaunti ileile. Kuanzia 1851 mambo yakafunguka, ikaandikwa parokia ya kuzaliwa na uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Hata hivyo tunachosoma leo ni nakala. Karani aligawa fomu nyumba kwa nyumba, akazikusanya, akamjazia asiyejua kuandika, kisha akayanakili yote katika daftari lake. Fomu zenyewe hazikuhifadhiwa. Halafu makarani wa makao makuu wakapita na penseli wakitia vistari vya kuhesabia, na vistari hivyo mara nyingi viliangukia juu ya umri, yaani palepale unapotaka kusoma. Kwa kuwa Mlondon wa kawaida huimeza herufi H, Harris akisema jina lake mlangoni aliweza kuandikwa Arris. Aliyewahi kuona Halima akiandikwa Alima kwenye karatasi za shule hatashangaa, na atajua kwamba dawa ni kusoma kwa sauti.

Ninapovutiwa zaidi ni pale tarehe zinapooana. Familia ya Nichols ilipata watoto watano. Walikaa kwa baba mkwe kule Walworth, kisha wakahamia majengo ya Peabody, Stamford Street, nyumba zilizojengwa kwa wafanyakazi wenye kipato cha uhakika. Ndoa ikavunjika. Daftari la nyumba ya maskini ya Lambeth linaonyesha Polly aliingia tarehe 6 Septemba 1880, akatoka tarehe 31 Mei 1881. Sensa ilipigwa usiku wa kuamkia tarehe 4 Aprili 1881. Mtu asiye na daftari lile angemtafuta Polly mtaa kwa mtaa, kaya kwa kaya, na asimwone. Mwenye nalo huenda moja kwa moja kwenye kurasa za wakazi wa nyumba ya maskini, kwa sababu ameziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, na ya kwanza ikamnong'oneza ilipo ya pili.

Nyumba hizo ziliwapa mafukara kitanda na chakula kwa kuwafanyisha kazi, na ziliandika sana. Ziliandika kwa sababu ya senti. Walipa kodi wa Lambeth walitaka kujua maskini huyu ni wa parokia gani na mumewe yuko wapi, ili alipe. William alikuwa akimpa Polly shilingi 5 kwa wiki. Alipoacha, wakuu wa parokia walimdai, naye akajitetea kwamba mke anaishi na mwanamume mwingine. Kuhusu chanzo cha kuachana, William alisema ni ulevi wa Polly. Mzee Walker alisema ni William aliyejiingiza kwa mwanamke aliyekuja kumuuguza Polly alipojifungua. Fundi mwema hakimbilii kuhukumu. Huyaandika maneno yote mawili, kila neno na msemaji wake, kisha hutafuta karatasi ya tatu.

Kibao cha jeneza la Polly kilisema alikuwa na miaka 42. Alizaliwa tarehe 26 Agosti 1845, kwa hiyo siku ya kifo alikuwa na miaka 43 na siku tano. Mwaka mmoja si kitu kikubwa kwa wengi. Kwangu mimi, mtu aliyekaa na karatasi hadi akamrudishia Polly mwaka wake mmoja amemfanyia heshima kubwa kuliko vitabu vingi vilivyomtaja.

Karibu kila karatasi ya Polly iliandikwa na mkono wa mtu mwingine: karani, kasisi, msajili, mwandishi wa gazeti. Imebaki barua moja ambayo maneno yake ni yake mwenyewe, kwa kuwa ilisomwa kwenye uchunguzi na magazeti yakaichapa. Alimwandikia baba yake mwaka ule ule wa 1888, akiwa ametoka nyumba ya maskini na kupata kazi ya ndani kule Wandsworth. Anamweleza kwamba nyumba ni nzuri, ina miti na bustani mbele na nyuma. Mabwana zake ni watu wa dini wasiogusa pombe, wema kwake, na kazi si nyingi. Anatumaini baba ni mzima, na kwamba kijana, mwana wa Polly, amepata kazi. Mzee Walker aliijibu barua hiyo. Yeye hakujibiwa tena.