Surau si Msikiti

Katika zoezi la tafsiri kutoka Kiingereza, wanafunzi wetu karibu wote waliifanya *Robohnya Surau Kami*, hadithi fupi ya A. A. Navis ya mwaka 1955, kuwa “Kuanguka kwa Msikiti Wetu”. Hapo maudhui yamepotea. Surau ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi ni nyumba ndogo ya sala ya kijijini. Humo wavulana walikuwa wakilala, wakijifunza Kurani na mchezo wa silat. Swala ya Ijumaa ina msikiti wake.

Udogo huo ndio unaobeba hadithi. Mzee mtunzaji anajiua baada ya Ajo Sidi kumsimulia kisa cha Haji Saleh, mcha Mungu aliyetiwa motoni kwa kuwatelekeza jamaa zake. Kisha akina mama walioishiwa kuni wanabandua mbao za surau usiku. Msikiti ungebanduliwa hivyo kimyakimya?

Kejeli ya Navis ni kali, ila mimi naona imemwonea mzee. Ajo Sidi anaagiza sanda inunuliwe, kisha anakwenda zake kazini. (Darasani wengi humtetea!) Mfasiri aiache “surau”, aifafanue mara moja inapotajwa mwanzo.