Fumbo na Bendera: Upinde wa Mvua katika Matangazo ya Biashara ya Marekani

Tangazo la biashara ni matini fupi ambayo wanaisimu huipita haraka, kana kwamba haistahili uchambuzi unaopewa utenzi au hotuba. Roland Barthes alikwisha kuonyesha hasara ya dharau hiyo. Mwaka 1964 alichukua picha moja ya tambi za Panzani, akafafanua jinsi mfuko wa sokoni, nyanya na rangi za bendera ya Italia zilivyosema mengi kuliko maneno yaliyoandikwa. Makala haya yanafuata njia hiyo katika uwanja mwingine. Yanachunguza matangazo ambamo kampuni za Marekani, kwa zaidi ya miaka 40, zimetumia alama za watu wapendao jinsia yao ili kuuza pombe, magari na nguo. Swali linaloyaongoza ni la pragmatiki: kampuni inapotamka neno la kuwaunga mkono watu hao, imejifunga kwa kiasi gani?

Kwanza alama yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969, wateja wa baa ya Stonewall, mjini New York, waliwakatalia polisi waliokuja kuwakamata. Mwaka mmodi baadaye, siku ileile, yalifanyika maandamano ya kwanza ya ukumbusho. Sherehe hizo zilikuja kuitwa kwa neno la Kiingereza ambalo Kiswahili hulazimika kuligawa mara mbili: fahari, ambayo ni heshima ya mtu mbele ya nafsi yake, na kiburi, ambacho wahubiri hukikemea. Walioandamana walilichukua neno la dhambi wakalivaa kama neno la heshima. Tafsiri ya «fahari» ni sahihi, lakini huupoteza ubishi huo.

Bendera ya upinde wa mvua ilifuata. Msanii Gilbert Baker na wenzake waliojitolea waliitia rangi kwa mikono, na ikapandishwa San Francisco tarehe 25 Juni 1978. Ilikuwa na mistari minane, na Baker alikuwa ameupa kila mmoja maana yake: mwekundu uhai, wa machungwa uponyaji, wa njano jua, wa kijani maumbile, na kadhalika. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa waridi kali, na maana yake ilikuwa mapenzi ya kimwili. Mahitaji ya bendera yalipoongezeka ikabidi itengenezwe kiwandani, na kitambaa cha waridi kali hakikupatikana kwa wingi. Mstari huo ukaondolewa. Mwaka 1979 ukaondolewa na wa feruzi, ikabaki sita inayojulikana leo.

Jambo hili halipewi uzito wake. Bendera ambayo kampuni zimekuja kuiazima ilikuwa imekwisha kuhaririwa na ghala la vitambaa, na rangi iliyotangulia kutoka ni ile iliyotaja waziwazi jambo lenyewe ambalo watu hao walikamatwa kwa ajili yake. Hakuna aliyepanga hivyo. Hata hivyo, mwuzaji wa bia angelazimika kuchagua rangi moja ya kuacha, asingechagua nyingine. Zaidi ya hayo, Baker alikataa kuisajili bendera iwe mali yake. Alitaka iwe ya wote, na kitu cha wote hakina mlinzi mlangoni.

Kabla kampuni hazijaanza kusema, zilisemwa. Katika miaka ya 1970 waombaji kazi wa kiwanda cha bia cha Coors, jimboni Colorado, walilalamika kwamba walifungwa mashine ya kupima uongo na kuulizwa mambo ya faragha, yakiwemo ya mapenzi. Chama cha madereva wa malori kiliungana na Harvey Milk na wenye baa za San Francisco, na bia hiyo ikasusiwa. Ususiaji ulidumu miaka mingi. Mwaka 1995 Coors iliwapa wafanyakazi wake wenye wenzi wa jinsia moja mafao sawa na ya wenye ndoa. Hapo mkataba haukuhitaji picha yoyote: upande mmoja ulikataa kununua, upande mwingine ukabadili kanuni. Wakati huohuo Absolut, vodka ya Uswidi, ilikuwa imeanza mwaka 1981 kutangaza katika gazeti la The Advocate, ambalo wasomaji wake walikuwa watu hao hasa. Chupa ilikuwa ileile iliyoonekana katika magazeti mengine. Kilichosema ni ukurasa ilipowekwa.

Matini zenye utajiri zaidi ni za Subaru, za katikati ya miaka ya 1990. Tawi la Marekani la kampuni hiyo ya Kijapani lilikuwa likiuza vibaya, likaamua kuwatafuta waliokuwa tayari wakinunua magari yake: walimu, wauguzi, mafundi wa kompyuta, watu wa kupanda milima. Katika hesabu hiyo likatokea kundi la tano lisilotarajiwa, wanawake wapendao wanawake, hasa katika miji kama Northampton, Massachusetts, na Portland, Oregon. Husimuliwa kwamba wakuu wa Kijapani, waliposikia lile neno la Kiingereza wanaloitwa watu hao, walifungua kamusi, wakakuta maana ya «mwenye furaha», wakaitikia kwa vichwa. Nani hataki wateja wenye furaha? Kisa hiki kinastahili nafasi katika somo lolote la semantiki.

Kampuni ndogo ya matangazo ya Mulryan/Nash ilitunga maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: «Si hiari. Ndivyo tulivyoundwa.» Msomaji wa kawaida aliona gari ambalo magurudumu yake yote manne husukumwa na injini, sifa ambayo mnunuzi wa Subaru hakulazimika kuichagua kwa kuongeza fedha, maana ilikuwa katika kila gari. Msomaji mwingine alisikia jibu la mabishano ya miaka mingi: je, mtu huchagua kumpenda ampendaye? Tangazo jingine lilisema: «Toka nje. Ubaki nje.» Kwa mpanda milima huo ni mwaliko wa kwenda porini. Kwa waliokusudiwa ulikuwa mwito wa kutojificha. Kuna na sauti ya tatu, ambayo huenda watungaji hawakuikusudia: kwa Kiingereza, kama kwa Kiswahili, maneno hayo ndiyo anayofukuziwa mtu nyumbani. Vijana wangapi waliyasikia kwa baba zao mlangoni! Tangazo linaichukua kauli ya kufukuza na kuigeuza kauli ya kukaribisha, kazi ileile waliyoifanya waandamanaji wa 1970 juu ya neno la fahari. Katika matangazo mengine, kibao cha namba kilimtaja Xena, mwanamke shujaa wa mfululizo wa televisheni, au kilifupisha jina la Provincetown, mji wa pwani ambako watu hao huenda kupumzika.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji nadharia ya kigeni kuitambua mbinu hii. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Pwani, mwanamke huvaa kanga yenye jina linalomlenga mtu mmoja katika umati, na wengine wote huona nguo tu. Katika miji ya Kongo vikwembe navyo huwa na majina, na mke anayevaa kikwembe fulani siku ya karamu amekwisha kumjibu mshindani wake bila kufungua kinywa. Fumbo lina masharti mawili. Mfumbaji lazima amjue msikilizaji wake kwa undani, ajue anachocheka na anachoogopa. Pili, msikilizaji ndiye anayelikamilisha, asipolipokea, limeanguka.

Katika «tulivyoundwa» kiambishi tu- ndicho kinachobeba mzigo. Kiswahili, kama Kiingereza, hakitofautishi «sisi» ya wote na «sisi» inayomwacha msikilizaji nje. Tangazo linaishi ndani ya utata huo: «sisi» ni magari, ni wenye kiwanda, ni wanawake wanaoyaendesha. Kampuni imejiingiza katika nafsi moja na wateja wake. Nafsi hiyo haikuwa ya maneno matupu, kwa kuwa katika kuandaa kampeni swali la mafao ya wafanyakazi wenye wenzi wa jinsia moja liliulizwa ndani ya kampuni, na mafao hayo yakatolewa. Mwaka 2000 Martina Navratilova, bingwa wa tenisi aliyepoteza matangazo mengi kwa kutojificha, alitokea katika matangazo ya Subaru. Barua za vitisho vya kususia zilikuja. Inasimuliwa kwamba kampuni iligundua waandishi wake hawakuwahi kununua Subaru, na baadhi hawakuweza hata kuliandika jina lake sawasawa.

Pingamizi ni rahisi kuliona. Fumbo ni kimbilio la mwoga pia. Aliyefumba anaweza kukana, na Subaru ilivuna pande zote mbili: fedha za wanaojua na fedha za wasiojua. Pingamizi hili ni la kweli, lakini halitoshi, maana linadhani kwamba usemi wa wazi humfunga msemaji kuliko usemi wa siri. Historia iliyofuata inaonyesha kinyume.

Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu ndoa za jinsia moja katika majimbo yote. Siku hiyohiyo nembo za kampuni nyingi zilivaa upinde wa mvua. Kwa miaka iliyofuata nembo zilibadilika kila tarehe 1 Juni na kurudi zilivyokuwa Julai. Bendera hii haimtaki msemaji amjue mtu. Inamtaka aijue kalenda. Inaonekana na wote, kwa hiyo haimwambii mmoja neno lolote. Wachunguzi wa mitandao waligundua kwamba BMW ilivaa upinde kwenye kurasa zake za Ujerumani na kubaki na nembo ya kawaida kwenye ukurasa wake wa Mashariki ya Kati. Kampuni ilizungumzia desturi za kila soko. Jibu hilo lina ukweli fulani, kwani sheria za nchi kadhaa za Ghuba ni kali na wafanyakazi wa huko wangeweza kudhurika. Lakini ukweli huo unaifafanua alama: imepandishwa pale ambapo haina gharama.

Mtihani ulikuja mwaka 2023. Tarehe 1 Aprili Dylan Mulvaney, mwigizaji ambaye ni mwanamke aliyebadili jinsia, alionyesha kwenye Instagram kopo la bia ya Bud Light lenye picha yake, alilotumiwa na kampuni. Ukatokea ususiaji mkubwa, na kabla ya katikati ya mwaka bia hiyo ilikuwa imepoteza nafasi yake ya kwanza kwa mauzo nchini humo, ikapitwa na Modelo Especial. Tamko la mkuu wa Anheuser-Busch la tarehe 14 Aprili linafaa kusomwa pamoja na matangazo ya Subaru. Lilisema kampuni haikukusudia kamwe kuwa sehemu ya mjadala unaowagawa watu, kwamba kazi yake ni kuwakutanisha watu kwa bia. Mulvaney hatajwi. Kundi lake halitajwi. «Sisi» ipo, lakini ni «sisi» ya wenye kiwanda peke yao, na «watu» ni nomino isiyo na uso. Mwezi Juni Mulvaney alieleza kwamba kampuni haikuwasiliana naye wakati wa matusi na vitisho, na kwamba kumkodi mtu kisha kutomtetea ni kubaya kuliko kutomkodi kabisa. Anayeyasoma maneno hayo kama lalama ya msanii tu ameyasoma vibaya. Ni hukumu juu ya tendo-usemi lililobatilishwa na msemaji wake huku aliyetajwa akibaki uwanjani.

Mwezi Mei mwaka huohuo maduka ya Target yaliondoa baadhi ya bidhaa za fahari, yakitaja vitisho dhidi ya wafanyakazi wake. Mwaka 2024 bidhaa hizo ziliwekwa katika baadhi ya maduka tu. Ford mwezi Agosti 2024, kisha Walmart mwezi Novemba, zilitangaza kutoshiriki tena katika orodha ambayo shirika la Human Rights Campaign limekuwa likiitoa tangu 2002 kuzipima kampuni kwa kanuni zake za kazi. Mwaka 2025 waandaaji wa sherehe za San Francisco walipoteza ufadhili wa Anheuser-Busch, Comcast na Diageo. Maandamano yalifanyika hata hivyo.

Mwanaisimu atagundua tofauti moja ya kimatini. Kupandishwa kwa bendera kulikuja na maneno mengi: shairi la mauzo, nafsi ya kwanza, vitenzi vya kupenda na kusherehekea. Kushushwa kwake kumefanyika kimya, au kwa vitenzi vya kutendwa ambavyo havina mtenda: bajeti imepunguzwa, mpango umepitiwa upya. Wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu wanaweza kuanzia hapo, kwa kukusanya matamko ya Juni na matamko ya Julai ya kampuni ileile, mwaka baada ya mwaka, na kuhesabu ndani yake viambishi vya nafsi.