Mtambo Uliojifanya Tabibu

Joseph Weizenbaum, mzaliwa wa Berlin aliyefundisha katika chuo cha MIT huko Marekani, ndiye aliyetunga ELIZA, programu ya kuzungumza na mtu kwa maandishi, akaieleza katika makala ya mwaka 1966. Miaka kumi baadaye alitoa kitabu, Computer Power and Human Reason, ambacho kwa sehemu kubwa ni shitaka juu ya kazi za namna hiyo. Shitaka lina nguvu, ila limemwelekea mtu asiyestahili.

Kitabu chasimulia kisa cha katibu wake, ambaye kwa miezi mingi alimwona akiiunda programu hiyo. Hata hivyo, baada ya kuandikiana nayo maneno machache tu, alimwomba bwana wake atoke chumbani. Weizenbaum aliona humo namna ya wazimu uwapatao watu wenye akili timamu. Mwanaisimu ataona jambo jingine. ELIZA haikufahamu neno lolote: ilitafuta neno la kidokezo katika sentensi, ikageuza "yangu" kuwa "yako", ikarudisha swali. Kwa Kiingereza hila hiyo ni nyepesi, maana viwakilishi husimama kando ya kitenzi. Kwa Kiswahili mtambo ungelazimika kwanza kukipasua kitenzi chenyewe, "ananionea" iwe "anakuonea", na papo hapo usiiguse "ni" ya "mama ni mgonjwa". Lakini hata kupasua huko si kufahamu.

Basi maana ilitoka wapi? Ilitoka kwa katibu mwenyewe. Kila asemaye humkopesha mwenziwe nia na usikivu kabla hajajibiwa. Pasipo mkopo huo hapana mazungumzo. Kuuita wazimu ni kuituhumu lugha yenyewe. Aliyeivisha programu joho la tabibu wa nafsi ni mtungaji, naye katika makala yake alitaja sababu waziwazi: tabibu wa aina hiyo aweza kuuliza kana kwamba hajui lolote la ulimwengu, na mgonjwa asishuku. Kosa limo katika uchaguzi huo.

Weizenbaum asema kweli kwamba zipo kazi ambazo mtambo haufai kupewa, ijapokuwa waziweza. Lakini mpaka huo auweka mbali mno, penye uhakimu na utabibu, ilhali hatari huanza mapema, penye salamu. Mitambo ya siku hizi, yenye ufasaha ambao ELIZA haikuwa nao, ikiamkiwa "shikamoo" yaweza kuitikia "marahaba", yaani kupokea heshima ya umri isiokuwa nao. Juu ya salamu kitabu hakina sura, na waundaji wa leo bado hawajaulizwa ni nani hasa aliyeamkiwa.