Fani ya Ushuhuda na Suala la Matokeo: Mfano wa Mitunguu

Ushuhuda utolewao makanisani ni utanzu wa fasihi simulizi ambao wahakiki wetu aghalabu huupita kando. Twahakiki ngano, vitendawili na nyimbo za jando, ilhali simulizi hii husikika kila Jumapili mbele ya hadhira ambayo washairi wetu wengi wangeionea wivu. Makala haya yanashughulika na kasoro moja tu ya fani hiyo, nayo si ndogo: umbo lake hukanusha maudhui yake.

Mitunguu ni mji wa soko katika Imenti Kusini, pale miteremko ya Mlima Kenya inaposhuka kuelekea joto la Tharaka. Tangu miaka ya 1980 mashamba mengi ya huko yamekuwa yakinyweshwa kwa maji ya mto yanayoshushwa kwa mabomba, na ndizi ndilo zao lake mashuhuri. Mkulima wa hapo, basi, halihitaji fumbo la Mtume Paulo juu ya apandaye, atiaye maji na akuzaye lifafanuliwe. Yeye huchimba shimo, hutia samadi, hufungua maji zamu yake ifikapo. Mkungu ni shauri jingine. Wahubiri hulitumia fumbo hilo mara kwa mara: wajibu wa Mkristo ni kutii, matokeo ni ya Mungu.

Lakini sikiliza ushuhuda unaofuata mahubiri hayo. Msimulizi alijaribiwa, akatii, akateseka kidogo, kisha ada ya shule ikapatikana, au mgonjwa akapona, au ng'ombe akazaa. Mfuatano huo haubadiliki. Nguzo yake ya kisarufi ni kiambishi -ki- cha sharti kinachojibiwa na -ta- ya wakati ujao: ukitii, utabarikiwa. Aliyedai kumwachia Mungu matokeo amekwisha kumfunga ndani ya kishazi. Sisemi kwamba shukrani ni kosa. Zaburi zimejaa shukrani. Nasema kwamba fani isiyojua kumalizika ila kwa mavuno haiwezi kumfundisha mtu utii wa mwaka wa ukame.

Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, iliyounganisha Kiunguja na Kimvita, ina sarufi nyingine kabisa. Katika Danieli sura ya 3, vijana watatu mbele ya tanuru wanakiri kwamba Mungu aweza kuwaokoa, kisha wanaanza sentensi mpya kwa neno "bali", na humo wanakubali kwamba huenda asiwaokoe. Uamuzi wao haubadiliki. Habakuki 3:17 ni ajabu zaidi. Tungetarajia "ijapokuwa" mwanzoni, ili tujue mapema kwamba faraja iko njiani. Wafasiri hawakuliweka. Wamepanga vikanushi vya wakati ujao na "wala" moja baada ya nyingine, mti kwa mti, zizi kwa zizi, kana kwamba njaa ni jambo lililokwisha kuamuliwa, na "walakini" haitokei mpaka kila kitu kimekwisha. Sijui kama walikusudia hivyo. Kwa Kiswahili, hata hivyo, aya hiyo ni kali kuliko kwa Kiingereza.

Isitoshe, msamiati wenyewe watushitaki. Ushuhuda na shahidi ni maneno ya shina moja la Kiarabu, na shahidi kwetu ni aonaye na kusema, tena ni yule auawaye kwa imani yake: twasema Mashahidi wa Uganda tukiwakumbuka vijana waliouawa na Kabaka Mwanga katika miaka ya 1885 hadi 1887. Vivyo hivyo, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Kenya mwaka 1952, wapo ndugu wa Uamsho waliokataa kiapo cha Mau Mau na kukataa pia kushika bunduki ya serikali, na baadhi yao wakauawa. Hao hawakusimama Jumapili iliyofuata kusimulia. Fani yetu, kwa umbo lake, huwasikia walionusurika tu.

Niliwahi kusikia Mitunguu ushuhuda mmoja wa namna nyingine. Mama mmoja alieleza kwamba alikataa kusema uongo mahakamani katika kesi ya shamba. Upande wa mumewe ukashindwa. Shamba likaenda, na tangu siku hiyo mashemeji zake hawamsalimu. Alitumia -li- na -ka- peke yake, bila -ki- hata moja. Akasema hana zaidi, akaketi. Hadhira, iliyokuwa tayari kuitikia kwa makofi, haikujua ipige lini. Kiongozi akainuka upesi, akaanzisha pambio la ushindi.