Je, Vipokezi Hivi ni "Vizuizi"?

Katika tafsiri za maandishi ya tiba hukutwa jina "vipokezi vizuizi vya ubongo", likikusudiwa kutaja zile protini za utando wa seli zinazopokea GABA na glisini. Neno kipokezi halina ila. Kasoro imo katika maneno yanayolifuata.

Tuanze na ubongo. Ni kweli GABA ilitambuliwa humo mwaka 1950, na vipokezi vyake vimetapakaa karibu kila sehemu yake. Lakini makao makubwa ya vipokezi vya glisini ni ugwe wa mgongo na shina la ubongo. Vya GABA vimo pia katika kongosho na misuli laini ya njia za hewa, na kipande kimojawapo cha protini hiyo, kiitwacho pai, hupatikana kwa wingi katika mji wa mimba. Jina linalovifungia vyote kichwani linapotosha.

"Kizuizi" lina madhara zaidi. Katika seli ya neva iliyopevuka, kipokezi cha GABA cha aina ya A hufungua njia, ioni za kloridi huingia, na seli huwa nzito kuamka. Katika seli changa, ambayo ndani yake kloridi ni nyingi, ioni hizo hutoka, na kipokezi kilekile huichochea seli. Seli za beta za kongosho la binadamu nazo huchochewa vivyo hivyo. Basi ni kizuizi gani hiki kichocheacho?

Isitoshe, neno hilohilo hutumika kwa dawa au sumu inayokifunga kipokezi. Strikinini huvifunga vipokezi vya glisini. Misuli hukakamaa, na mtu aweza kufa. Mwanafunzi akiambiwa kuwa strikinini ni "kizuizi cha kipokezi kizuizi", ataelewa nini? Wala hili si suala la ufasaha tu. Diazepamu hukiongezea nguvu kipokezi cha GABA, na muuguzi anayempa mgonjwa wa degedege dawa hiyo hana budi kujua ipi hufunga na ipi husaidia.

Wapo wanaopendelea "kituliza". Neno hilo, kwa bahati mbaya, limekwisha kuchukuliwa na dawa za maumivu.

Rai yetu ni kwamba kipokezi kiitwe kwa jina la kile kinachopokewa: kipokezi cha GABA, kipokezi cha glisini. Mahali kilipo na kazi kinayoifanya hapo viandikwe katika fasili, tishu kwa tishu.